Pigo la Pili: Sheria Inavyomtazama Anayeua Akijitetea

Tuseme mwenye duka mmoja wa Mbagala amelala chumba cha nyuma ya duka lake. Saa nane usiku anasikia nondo za dirisha zikikunjwa. Anainuka na panga, anakutana uso kwa uso na kijana aliyeshika kisu. Wanakabana. Mwenye duka anachomwa mkono, naye anamkata yule kijana begani. Kisu kinaanguka, kijana anageuka na kutoka mbio kwa mlango wa uani. Hadi hapo, hata kama kijana yule angefia pale pale sakafuni, mwenye duka angekuwa na hoja nzito mbele ya sheria. Lakini anamfuata. Anamkuta ameteleza mtaroni, hatua kadhaa kutoka dukani, hana kitu mkononi, na anamkata la pili, la kisogoni.

Asubuhi majirani watampongeza. Polisi watamchukua kwa tuhuma za mauaji, na kosa la mauaji halina dhamana.

Kisa hiki nimekitunga, ila ukipitia hukumu za mauaji utakutana na ndugu zake wengi. Mtu anaingia kizimbani akiamini kwa moyo wote kwamba alijitetea, na anachosema kuhusu pigo la kwanza ni kweli tupu. Kinachomfunga ni la pili, lililokuja hatari ikiwa imekwisha. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unarudi kwenye swali hilo moja: mkono wako uliposhuka, hatari ilikuwa wapi?

Kwa Tanzania Bara, mahali pa kuanzia ni kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, pamoja na vile vinavyokifuatia. Namba husogea sheria zinapochapishwa upya, kwa hiyo shika maneno kuliko namba. Kila mtu ana haki ya kujitetea, au kumtetea mwingine, dhidi ya kitendo kisicho halali cha kumkamata au kumdhuru mwili. Ana haki pia ya kulinda mali yake, mali aliyokabidhiwa, na hata mali ya mtu mwingine. Sheria inataja waziwazi mali ya Serikali, ya shirika la umma, ya mwajiri, ya ushirika na ya kijiji, hivyo mlinzi wa ghala la korosho hana sababu ya kudhani kwamba anayetetea kisicho chake hana haki.

Sharti linakuja hapo hapo. Nguvu utakayotumia iwe ya kiasi, na iwe ile tu inayohitajika kwa utetezi huo. Ukizidisha, utawajibika kwa kosa lolote litakalotokana na kuzidisha kwako, na kama matokeo ni kifo, sheria yenyewe imeshalitaja kosa: kuua bila kukusudia. Adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wa kushuka, na wapo walioachiwa kwa masharti. Kuua kwa kukusudia hakuna uhuru huo. Jaji akishatia hatiani, mkono wake umefungwa. Adhabu ni kifo.

Sasa rudi kwa mwenye duka wetu, maana hapa ndipo watu wengi, na hata baadhi ya wanaojiita washauri wa sheria wa mtaani, wanapokosea. Hudhani kwamba mambo yakimwendea vibaya kabisa ataangukia kwenye "nguvu kupita kiasi" na kupata nafuu ya kosa dogo. Nafuu hiyo ni ya mtu aliyekuwa bado anajitetea na akazidisha. Aliyemfukuza mtu anayekimbia na kumkata akiwa amelala mtaroni anaweza kuambiwa kwamba utetezi ulishakwisha mlangoni, na kilichofuata kilikuwa kisasi. Atabaki na hoja nyingine, ya hasira ya ghafla kutokana na kuchokozwa, nayo ina masharti yake magumu. Tofauti ya hatua chache kutoka mlangoni hadi mtaroni inaweza kuwa tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Ni lini basi sheria inakubali kwamba mtu ameua na hana hatia? Inataka vitu viwili vikutane. Kwanza, mtendaji awe ametenda kwa nia njema, akiamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba kitendo chake kilikuwa lazima ili kuokoa maisha au kiungo, chake au cha mwingine, au mali. Pili, kitendo alichokuwa akikizuia kiwe cha uzito fulani: kinachomtia mtu hofu ya kweli ya kufa au kuumizwa vibaya, cha kutaka kubaka, kunajisi mtoto au kulawiti, cha kuteka nyara, au cha kuvunja nyumba, unyang'anyi, kuchoma moto, na makosa mengine yanayohatarisha maisha au mali. Ngumi moja ya mlevi baa haimo humo. Aliyekutukania mama yako mbele ya watu hayumo. Mpangaji aliyegoma kuhama hayumo.

Maneno "imani yenye sababu za msingi" yamebeba mzigo mkubwa, kwa hiyo tuyatazame kwa karibu. Umekabwa kichochoroni, jambazi amekuelekezea bastola kifuani na mwenzake anakupekua. Unafanikiwa kumgonga kwa tofali, anakufa. Polisi wanaokota bastola: ya plastiki, ya kuchezea watoto. Je, umeua mtu asiyekuwa na silaha? Sheria haikuhukumu kwa kile kilichojulikana asubuhi chini ya taa ya kituo cha polisi. Inakuhukumu kwa kile ulichokiona gizani, mradi mtu yeyote mwenye akili timamu aliyesimama ulipokuwa umesimama angeweza kukiona hivyo. Kwa upande mwingine, yule anayemkata kijana aliyeruka ukuta mchana kufuata mpira wake, kisha akasema "nilidhani ni mwizi", alikuwa na dhana tu. Hakuwa na sababu.

Mahakama hazitaki uwe mwanahesabu katikati ya vurugu. Mwaka 1971 Baraza la Faragha la London, lililokuwa ndiyo mahakama ya mwisho kwa Jamaika, lilitoa uamuzi katika kesi ya Palmer ambao hadi leo husomwa katika mahakama za nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, za kwetu zikiwemo. Majaji walisema, kwa ufupi, kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima nguvu ya kujitetea kwa mizani ya sonara, na kwamba akifanya kile alichoamini kwa dhati kuwa ni lazima katika dakika ile ya hofu, huo ni ushahidi mzito kwamba alichofanya kilikuwa cha kiasi. Mawakili wa utetezi hupenda kuishia hapo. Uamuzi huo huo unaendelea kusema kwamba shambulio likishakwisha na hatari haipo tena, nguvu inayotumika baada ya hapo inaweza kuwa kisasi, adhabu au ugomvi mtupu. Na Palmer mwenyewe alishindwa. Kundi lake lilikwenda kununua bangi, likaondoka nayo bila kulipa, likafukuzwa kwa fimbo na mawe, na mmoja wa waliokuwa wakiwafukuza akapigwa risasi. Anayeanzisha ubaya hawezi kuamka katikati yake akajiita mtetezi, isipokuwa kama amejitoa kwenye ugomvi waziwazi na mwenzake ndiye aliyeendelea kumfuata.

Je, ni lazima ukimbie kwanza? Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa kiburi cha pande zote mbili. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililijibu kwa ustadi mwaka 1963 katika kesi ya Selemani. Anayevamiwa kwa kosa kubwa la nguvu, kama unyang'anyi, hana wajibu wa kisheria wa kurudi nyuma, ingawa mahakama itauliza kama nafasi ya kuepuka ilikuwepo ili ipime kama kuua kulikuwa lazima. Katika ugomvi wa kawaida mambo ni tofauti: unatakiwa kufanya kila unaloweza, kwa kurudi nyuma au kwa njia nyingine, kuukata ugomvi, kabla hujafikia nguvu ya kuua. Kwa hiyo usingizini nyumbani kwako na kilabuni penye pombe ya kienyeji ni sehemu mbili tofauti kabisa kisheria. Kilabuni mlango uko wazi, na wakili wa Serikali atakuuliza kwa nini hukuutumia.

Hatari iwe ya sasa

Shamba linalozaa kesi za kusikitisha kuliko zote ni hili la wakati. Haki ya kujitetea haikuruhusu kuiwahi hatari ya wiki ijayo. Mtu akikuandikia ujumbe wa simu kwamba atakuua, una kesi ya kupeleka polisi. Huna ruhusa ya kwenda kumvizia njiani.

Uchawi umo humu. Kanda ya Ziwa imewazika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu baada ya miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Wauaji wengine, walipofikishwa mahakamani, walisema kwa dhati kwamba walikuwa wakiokoa watoto wao. Msimamo wa mahakama za Afrika Mashariki ni wa zamani. Katika kesi ya Galikuwa iliyotoka Uganda mwaka 1951, mshtakiwa alimuua mganga aliyekuwa akimtishia kumwangamiza kwa uchawi kama hangetoa fedha. Hofu yake ilikuwa ya kweli kwake. Mahakama ilisema kwamba hofu ya kifo kitakachokuja baadaye kwa uchawi haimpi mtu haki ya kuua sasa. Naiunga mkono kanuni hiyo bila kusita, maana ikilegezwa kidogo tu, kila bibi mjane kijijini ataishi kwa huruma ya ndoto za jirani.

Nasita zaidi kwa mwanamke anayepigwa na mumewe. Kama amemchoma kisu wakati amekabwa koo na pumzi zinakatika, sheria iko naye, na wakili wake asikubali haraka kosa la kuua bila kukusudia eti kwa sababu ndiyo njia fupi. Lakini yule aliyesubiri mume alale kwa sababu macho akiwa wazi hamwezi, anakuta kanuni ya "hatari ya sasa" imetengenezwa kwa kuwafikiria wanaume wawili wanaolingana nguvu. Kwake hatari haikulala, ilipumzika. Mahakama nyingi humwonea huruma kwenye adhabu kuliko kwenye hatia. Kwa hiyo ushauri wangu kwake ni wa mapema: kila kipigo kiwe na kumbukumbu. Dawati la jinsia la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kadi ya hospitali, mjumbe wa nyumba kumi aliyeitwa usiku. Karatasi hizo hazitabadilisha kanuni, ila zitaonyesha hofu yake ilitoka wapi, na wakati mwingine hizo ndizo zinazoamua kama hakimu wa kwanza kulisoma jalada anamwona muuaji au mtu aliyenusurika.

Mwizi aliyezungukwa

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, na mitaa mingi imejichukulia kwamba ya arobaini ni ya tairi na petroli. Magazeti yetu yana kauli ya kudumu kwa ajili ya jambo hili, "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika kiberiti.

Tazama kisheria. Mtuhumiwa amezungukwa na watu ishirini, amevuliwa shati, ameketi chini, anaomba msamaha. Hakuna hatari iliyobaki kwa mtu yeyote isipokuwa kwake. Pigo la kwanza la umati tayari ni pigo la pili. Na Kanuni ya Adhabu haimtafuti tu yule aliyewasha moto: watu wanapoungana kwa nia moja isiyo halali, kosa linalotokana na nia hiyo huwa la kila mmoja wao. Aliyeleta tairi, aliyeshika miguu, aliyechangia nusu lita ya petroli kutoka kwenye bodaboda yake, wote wanaweza kusimama kizimba kimoja.

Haimaanishi ufunge mdomo. Kupiga yowe la mwizi ni halali na ni akili. Ndiyo silaha bora ya mtaa usio na taa. Raia anaruhusiwa pia kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Lakini ukiita watu, umebeba dhamana. Wewe uliyeibiwa ndiye mwenye sauti pale. Watu wanakusikiliza wewe kabla ya mwenyekiti wa mtaa. Sema mapema na kwa sauti kubwa: afungwe kamba, simu imepigwa, asiguswe. Piga 112.

Mali pekee

Nimeeleza kwamba sheria yetu inaitaja mali pamoja na maisha, na mtu anaweza kuisoma akadhani kwamba ana ruhusa ya kuua kwa ajili ya jogoo. Asithubutu. Vifungu vyote vinasomwa pamoja na lile sharti la nguvu ya kiasi, na sijui jaji atakayekubali kwamba mshale mgongoni ni kiasi kwa mtu anayekimbia na mkungu wa ndizi. Kinachofanya uvunjaji wa nyumba usiku uwe na uzito ni kwamba humo ndani wamelala watu, na mvunjaji hajulikani amekuja na nini. Ondoa watu, bakisha mahindi shambani, na hoja yako inapungua nguvu kwa haraka. Wakulima na wafugaji walifikirie hili hasa: ng'ombe akiwa kwenye mpunga, mali inaharibiwa kweli, lakini mchungaji wa miaka kumi na minne aliyeshika fimbo hajahatarisha maisha ya mtu. Mfukuze ng'ombe, mwite mtendaji wa kijiji, tathmini ifanyike, dai fidia.

Mitego ni balaa jingine. Wapo wanaovuta waya wa umeme kutoka kwenye soketi ya ndani na kuuzungushia kwenye mabati ya uani. Waya hauwezi kuamini kitu kwa dhati wala kuwa na sababu za msingi. Hautofautishi jambazi na mtoto wa jirani aliyefuata kuku. Utetezi wote nilioueleza unahitaji mtu aliyeipima hatari katika dakika ile, na wewe ulikuwa umelala.

Nje ya Bara

Zanzibar ina sheria yake ya makosa ya jinai, kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba aulize wakili wa huko. Kwa Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni yao ya Adhabu hakielezi masharti. Kinarejesha suala zima kwenye misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Ndiyo maana mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikisikiliza rufaa ya askari polisi waliotiwa hatiani kwa mauaji ya madereva wa teksi wa Kawangware, ilifuata njia ya Waingereza: kinachotazamwa kwanza ni kama mshtakiwa aliamini kwa dhati, hata kama alikosea, kisha kama nguvu aliyotumia ililingana na kile alichokiamini. Tanzania Bara imeandika kwamba imani hiyo lazima iwe na sababu za msingi. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu aliyekosea gizani si ndogo. Askari wale, hata hivyo, hoja hiyo haikuwaokoa.

Na vijana waliojifunza sheria kwenye filamu waache kunukuu Marekani. Ile kanuni ya kutorudi nyuma popote ulipo, iliyopata umaarufu kupitia sheria ya jimbo la Florida ya mwaka 2005, haina nguvu Tandika wala Tanga, na hata huko Marekani si majimbo yote yanayoifuata.

Namna mahakama inavyolisoma jeraha

Wakati wa tukio ulikuwa wewe na yeye. Baadaye kutakuwa na daktari, ramani ya eneo la tukio na panga lenye lebo ya kielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Kipela ya mwaka 1994 iliyotoka Mbeya, iliorodhesha mambo yanayotazamwa ili kujua kama muuaji alikuwa na nia ovu: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka, na mwenendo wake kabla na baada ya kuua.

Isome orodha hiyo tena kwa macho ya mtu anayejitetea. Jeraha la mbele na la kisogoni husimulia hadithi mbili. Pigo moja na mapigo tisa pia. Damu iliyoishia chumbani na michirizi iliyofika barabarani pia, na askari mpelelezi anapochora ramani yake hupima umbali huo kwa hatua. "Leo utanitambua" itanukuliwa na shahidi wa kwanza. "Niache, toka, nitakupiga" nayo itanukuliwa. Ndiyo maana nashauri mtu apige kelele kabla ya kupiga kitu kingine chochote. Washa taa, uliza kwa sauti "nani?", taja kwamba una silaha. Kelele humfukuza mwizi, huamsha mashahidi, na huokoa shemeji mlevi aliyerudi kwa mlango wa nyuma, ambaye asingekuwa wa kwanza kuuawa na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Baada ya tukio

Mshambuliaji ameanguka, hawezi kuinuka. Acha. Rudi nyuma, weka silaha chini, piga simu. Kama anapumua, tafuta gari au fanya unachoweza kuzuia damu. Najua ni jambo gumu kumwambia mtu aliyetoka kuchomwa kisu, lakini orodha ya Kipela inataja mwenendo wa baada ya tukio, na aliyemfunga bandeji mshambuliaji wake hafanani na muuaji.

Usioshe panga. Usiokote kisu chake ukakiweka ndani kwa usalama. Kisu hicho kikiwa pale kilipoangukia ni shahidi wako. Piga picha kwa simu. Ndugu wa marehemu wakianza kukusanyika, usikae kungoja. Nenda kituo cha polisi mwenyewe, kwa usalama wako na kwa sababu anayejisalimisha haonekani anatoroka. Mwambie mwenyekiti au mjumbe kwamba umekwenda, ili awe shahidi wa hilo.

Kituoni, omba PF3 kwa ajili ya majeraha yako siku hiyo hiyo, hata kama ni mikwaruzo. Michubuko ya shingoni hupotea baada ya siku chache, na ikishapotea unabaki na maneno matupu.

Kisha maelezo ya onyo, yale polisi wanayoyaandika baada ya kukuonya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kukuhoji tangu ulipokamatwa, zinazoweza kuongezwa kwa utaratibu, na una haki ya kumwita wakili au ndugu. Huko kwenye filamu hushauriwa ukae kimya kabisa. Hapa kwetu nashauri njia ya katikati. Utetezi unaosikika kwa mara ya kwanza mahakamani, miaka miwili baadaye, huitwa mawazo ya baadaye na hupewa uzito kidogo. Kwa hiyo sema mambo ya msingi: nilivamiwa, alikuwa na silaha hii, niliogopa kufa, nilijitetea, nimeumia hapa, mashahidi ni fulani na fulani, yaliyobaki nitayaeleza mbele ya wakili wangu. Usikadirie umbali wala idadi ya mapigo kama huna hakika; kila namba utakayoitaja itapimwa dhidi ya ripoti ya daktari. Hakikisha umesomewa maelezo yote kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, na kama kuna sentensi si yako, isahihishwe pale pale. Ukipelekwa mbele ya mlinzi wa amani kuandika maungamo na umepigwa ili ukubali, mwonyeshe alama hizo.

Jiandae kwa safari ndefu. Siku ya kwanza mahakama ya chini itakwambia hutakiwi kujibu lolote, kwa kuwa haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Utarudishwa mahabusu huku ukisikia wimbo wa "upelelezi haujakamilika". Baadaye jalada litapanda Mahakama Kuu, na kama huna uwezo utapangiwa wakili kwa gharama za Serikali. Mweleze kila kitu, pigo la pili likiwemo. Wakili anayelisikia mara ya kwanza kutoka kwa daktari wa Serikali hana tena la kukusaidia.

Kitu kimoja kikutie nguvu muda wote huo: huna mzigo wa kuthibitisha kwamba ulijitetea. Ukishaiibua hoja, kwa ushahidi wako au kwa kilichotoka vinywani mwa mashahidi wa Jamhuri wenyewe, ni Jamhuri inayotakiwa kuibomoa bila kuacha shaka ya msingi. Shaka ikibaki, faida yake ni yako.

Ukiwa ndani, kazi ya nje ni ya familia. Waandike majina ya majirani waliotoka usiku ule na namba zao za simu, kwa sababu wapangaji huhama na mashahidi wa mtaani hupotea mapema kuliko majalada. Wamhimize kila mmoja aende mwenyewe kuandikisha maelezo polisi, asisubiri kuitwa. Shati lililochanika na lenye damu wasilifue. Walikabidhi kwa mpelelezi mbele ya mjumbe, waandikiwe hati ya makabidhiano, na nakala yake ipelekwe kwa wakili.